Ada ya Klabu ni ya Nini? Amueni Kabla ya Kuchangishana

Tanga ni mji wa baiskeli, na hapa jijini watu hukutana kwa kupenda tu: waendesha baiskeli wa alfajiri, wacheza bao, wakimbiaji wa Raskazone, vikundi vya ngoma na taarabu. Wengi huanza bila katiba wala daftari. Wakiwa sita hakuna shida. Wakifika thelathini na ada ikaanza kukusanywa, malalamiko huanza kufika kwetu maofisa maendeleo ya jamii.

Mtu huja akisema viongozi wamekula hela. Mara nyingi tukikaa na hesabu tunakuta hela haikuliwa. Ilitumika, tena kwa jambo jema, ila si lile waliochanga walilokuwa nalo moyoni.

Chukulia klabu ya baiskeli ya watu 30, ada shilingi 5,000 kwa mwezi. Baada ya miezi 6 kuna shilingi 900,000, na vijana wanasubiri safari ya Pangani. Mwenzao mmoja anafiwa na mama mzazi. Mwenyekiti anatoa 300,000 za rambirambi, maana hakuna anayetaka kwenda msibani mikono mitupu. Mwezi unaofuata mwingine anafiwa na shemeji, anapewa 50,000. Hapo ndipo maneno yanapoanza: kwa nini yule apewe vile na mimi hivi? Vijana nao wanauliza, "Mwenyekiti, hizi hela ni za baiskeli au za misiba?" Ni swali la haki kabisa, na lilipaswa kujibiwa kabla ya shilingi ya kwanza kutoka mfukoni mwa mtu.

Kufaana kwenye shida ni uti wa mgongo wa maisha yetu, na siwezi kumshauri yeyote aache kufanya hivyo. Ninachoomba ni kuwe na mfuko wake, wenye mchango wake, viwango vyake na orodha ya wanaohusika: mwanachama mwenyewe, mwenza, mzazi, mtoto. Ambaye hayumo kwenye orodha, wenye uwezo wachangishane papo hapo, lakini hela ya mchezo isiguswe.

Chanzo kingine cha ugomvi ni mazoea ya vikoba, yaani vikundi vya kuweka na kukopa. Wengi wetu tumo humo, na mwisho wa mwaka mzunguko unavunjwa, kila mtu anaondoka na chake. Mtu akiingia klabu na mazoea hayo, Desemba anadai gawio. Ada ya klabu si hisa wala akiba. Ni gharama ya kuendesha mchezo: tyubu, pampu, sanduku la huduma ya kwanza, gari la kubeba baiskeli iliyoharibika njiani. Anayehama harudishiwi, isipokuwa katiba yenu imesema hivyo. Na mkianza kukopeshana kutoka kapu hilo, mmeshaingia kwenye Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, inayoviweka vikundi vya kijamii vya namna hiyo daraja la nne na kuvitaka visajiliwe kupitia halmashauri. Klabu ya michezo yenyewe ina njia nyingine ya usajili, iliyo chini ya Baraza la Michezo la Taifa, na kwa kuanzia mwoneni Afisa Michezo. Cheti kimoja hakifanyi kazi ya kingine.

Sasa daftari. Mstari unaovunja klabu nyingi unafanana na huu: "Safari ya Amboni, maji, nauli na mengineyo, 185,000." Hayo mengineyo ni yapi? Huenda ni mihogo na pweza waliokula wote, lakini aliyekosa safari atajuaje? Kila kitu kipate mstari wake. Fundi wa Ngamiani akiwa hana risiti, andikeni karatasi ya malipo: tarehe, kazi iliyofanyika, kiasi, jina na sahihi yake, pamoja na sahihi ya mwanachama wa pili aliyeshuhudia. Mali bila daftari huisha bila habari, na anayeumia kwanza ni mweka hazina mwaminifu asiye na cha kuonyesha. Ndiyo maana sipendi kabisa hela ya klabu ikae kwenye simu yake binafsi. Fungueni akaunti ya kikundi benki, au tumieni huduma za vikundi za simu kama M-Koba, ambako hela haitoki kwa uamuzi wa mtu mmoja.

Wekeni pia kiwango ambacho mwenyekiti anaweza kutumia bila kikao. Kwa klabu ya mfano wetu, 30,000 za dharura zinatosha. Jezi, ambazo huleta ugomvi mwingi, kwa maoni yangu kila mtu ajinunulie. Ada inunue vinavyotumiwa na wote.

Kama ugomvi umeshaanza, msiumalizie kwenye kundi la WhatsApp. Itisheni mkutano, chagueni watu watatu wasio viongozi wakague, muwape wiki mbili. Ikionekana hela imeibwa kweli, hilo ni la polisi. Ikiwa ni kutofautiana tu juu ya matumizi na mmeshindwa kuelewana, njooni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata mkiwa na katiba, daftari, mihtasari ya vikao na taarifa ya akaunti. Pande zote mbili zije siku moja.