Aliyekimbia vita si mtoro

Wiki hii nimesahihisha barua tatu za kuomba kazi kutoka darasa langu la watu wazima hapa Nsambya, Kampala. Walioziandika wametoka Kivu na Ituri, wanajua Kiswahili na Kifaransa vizuri, na wote watatu wameweka sentensi ile ile: 'I absconded from Congo because of war.' Nilipouliza kwa nini, nikajibiwa kama ninavyojibiwa kila muhula: "Mwalimu, si ni kukimbia tu? Simu imesema 'flee', 'escape' na 'abscond' ni sawa."

Si sawa hata kidogo. Na kwa mtu anayeulizwa kila ofisi aingiayo kwa nini aliondoka kwao, kosa hili linaumiza.

Simu inayapanga maneno hayo pamoja kwa sababu yanakutana mahali pamoja: mtu alikuwapo, sasa hayupo. Aliondokaje, na aliacha nini nyuma yake, orodha ya visawe haisemi. Kiswahili chetu kinalijua hilo tangu zamani. Mkimbizi na mtoro wote wameondoka, lakini pale Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi, hutasikia mtu akimwita jirani yake mtoro wa vita. Mtoro ana mwajiri, mwalimu au hakimu anayemtafuta.

'Abscond' ni neno la mtoro. Ni mtunza fedha aliyetoweka na michango ya wenzake, mshtakiwa aliyepewa dhamana asirudi mahakamani, mfanyakazi aliyeacha zamu bila ruhusa. Limetokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuficha, na mpaka leo lina harufu ya kujificha. Ukiliandika kwenye barua ya kazi, mwajiri anasoma kwamba kuna deni au kesi uliyoiacha Kongo. Tena wanafunzi wangu hulichagua kwa sababu ni refu, wakidhani urefu ni heshima. Naomba tuiache tabia hiyo.

'Flee' ndilo neno la mkimbizi. Linatazama hatari uliyoipa kisogo: vita, moto, mafuriko, mateso. Halisemi kama ulifika salama. Mtu aweza kukamatwa kabla ya mpaka na bado ikawa kweli kwamba 'he fled'. Pia halihitaji 'from' kila mara: 'we fled the war', 'we fled Bunia'.

'Escape' linatazama matokeo: ulibanwa, ukatoka. Waliovuka kuingia Kisoro, upande wa Uganda, Juni 2022 kabla waasi wa M23 hawajauteka mji wa mpakani wa Bunagana, 'they fled'. Aliyeshikwa, akafungiwa, kisha usiku akachopoka, 'he escaped'. Hivyo ni visa viwili tofauti. Niliwahi kuitwa kukalimani katikati ya mahojiano ya mama mmoja aliyekuwa ameanza kujieleza kwa Kiingereza chake mwenyewe. Alikuwa amesema 'I escaped', na afisa akawa anamuuliza nani alimfungia, wapi, siku ngapi. Mama hakufungiwa na mtu yeyote. Alibeba watoto akakimbia. Tulichukua muda mrefu kulinyoosha jambo hilo, na muda wote huo majibu yake yalionekana yanapingana.

Hapo hapo chungeni 'from'. 'He escaped from prison': alikuwa ndani ya gereza, akatoka. 'He escaped prison': alinusurika kifungo, pengine akatozwa faini tu.

Dawa yangu ni moja na nitaendelea kuirudia. Kabla ya kugusa Kiingereza, iseme sentensi yako kwa Kiswahili ukichagua kitenzi kwa makini. Nilikimbia? 'Flee'. Nilichopoka? 'Escape'. Nilitoroka kazi au kesi? 'Abscond'. Nilikwepa? Hapo ndipo 'evade' linapoingia, na Wakongo wenzangu, Kifaransa kisiwadanganye: 's'évader' ni kutoka gerezani, lakini 'evade' ni kukwepa kodi, swali au polisi.

Mengine niyaseme upesi. Wakati uliopita wa 'flee' si 'fleed' wala 'flew'. Ni 'fled', na baada ya 'have' ni 'fled' vile vile. 'I flew from Goma' maana yake ulipanda ndege.

'Elope' si kila kuondoka nyumbani kwa siri. Ni wawili kutoroka pamoja ili waoane. Binti aliyekimbia ndoa ya kulazimishwa ukamwandikia 'she eloped', umekigeuza kisa chake kichwa chini. Andika 'she ran away'.

Wapo wanaosema 'run away' ni Kiingereza cha watoto. Hapana, ni cha kila siku, na katika mazungumzo kinatosha kabisa. Kama kitenzi huandikwa maneno mawili. 'Runaway' lililoungana ni nomino au kivumishi.

Katika shule za bweni za Uganda, mwanafunzi anayeruka ua usiku husemwa 'he escaped', na anayekosa kipindi 'he dodged'. Hapa tunaelewana. Ukimwandikia mtu wa nje, 'sneaked out' na 'skipped class' yatafika bila maelezo. 'Desert' la askari anayeacha kikosi lina mkazo mwishoni. Mkazo ukiwa mwanzoni, hilo ni jangwa.

Barua mbili zimerudi na 'I fled'. Mwenye barua ya tatu alikuja mezani baada ya kipindi akaniambia kwamba yeye waasi walimkamata njiani, wakamweka siku tisa, na neno moja halimtoshi. Yuko sahihi. Tumeandika: 'I fled my village, was captured on the road, and escaped nine days later.'