Sadfa yenye maana na machale: vitu viwili vinavyochanganywa

Unashuka matatu Kondele ukimuwaza shangazi yako wa Siaya, simu inaita, ni yeye. Wengi huliita jambo hilo ishara. Kiswahili kina maneno mawili yaliyo karibu nalo. Sadfa ni mambo mawili kukutana bila moja kulisababisha jingine. Machale ni kuhisi jambo kabla hujajua sababu: machale yamekucheza, hutaki kupanda boda ile, na ukiulizwa kwa nini huna jibu.

Dhana ya sadfa yenye maana ilitolewa na Carl Gustav Jung, daktari wa akili wa Uswisi, katika maandishi aliyoyachapisha mwaka 1952. Alikusudia tukio la nje linalooana na jambo lililo moyoni mwa mtu, ingawa hakuna kamba ya sababu na matokeo inayoyaunganisha. Mfano wake maarufu: mgonjwa alikuwa akimsimulia ndoto ya kupewa pambo la dhahabu lenye umbo la mbawakawa, mara mdudu wa jamii hiyo akagonga kioo cha dirisha. Jung akamdaka, akamkabidhi mgonjwa. Jung huyuhuyu alipitia Kakamega mwaka 1925 akielekea Mlima Elgon, akawauliza wenyeji kuhusu ndoto zao. Mganga mmoja mzee alimjibu, machozi yakimlenga, kwamba tangu Wazungu waje ndoto zimekoma, kwa kuwa sasa DC, yaani mkuu wa wilaya wa kikoloni, ndiye anayejua kila kitu.

Maana katika sadfa huletwa na wewe. Mbawakawa hakujua habari ya ndoto. Swali la kujiuliza ni "limenigusa wapi?", na hapo sadfa inaweza kukufaa sana: ukishtuka kumsikia shangazi, pengine umekuwa ukikwepa kumpigia. Kosa linaanza unaporuka kutoka "limenigusa" hadi "limetumwa".

Tuipige hesabu simu hiyo. Tuseme shangazi hupiga mara 1 kwa wiki, wakati wowote katika saa 16 unazokuwa macho, yaani dakika 960. Unamkumbuka mara 4 kwa siku, na akipiga ndani ya dakika 10 baada ya kumkumbuka, unashtuka. Hizo ni dakika 40 kati ya 960, sawa na simu 1 kati ya 24. Ukiwa na watu 12 wa namna hiyo, utashtuliwa takriban kila wiki mbili. Zile simu 23 zisizoshtua hakuna anayezisimulia.

Au tazama Gor Mahia wakikutana na AFC Leopards. Wachezaji 22 na refa wa kati ni watu 23, nao wanatoa jozi 253. Uwezekano kwamba wawili kati yao wamezaliwa tarehe na mwezi mmoja unapita nusu kidogo. Tunahesabu watu, kumbe cha kuhesabiwa ni jozi.

Machale ni habari nyingine. Muuza samaki wa Dunga anainua sangara, anamrudisha papo hapo: "Huyu hapana." Mbane kidogo ndipo atataja: jicho limezama, nyama ikibonyezwa hairudi, matamvua yamegeuka kahawia. Aliona yote hayo. Maneno ndiyo yaliyochelewa. Daniel Kahneman na Gary Klein, watafiti waliokuwa wakipingana kuhusu jambo hili, walikubaliana mwaka 2009 juu ya masharti mawili ya kuyaamini machale: mazingira yawe na utaratibu unaojirudia, na mhusika awe amepata nafasi ya kutosha ya kujifunza utaratibu huo kwa kuona matokeo yake. Samaki akiharibika kabla ya jioni, muuzaji anajua alikosea asubuhi. Namba za bahati nasibu hazina utaratibu wa kujifunza, kwa hiyo namba uliyoiota haina uzito hata kama umecheza miaka 20.

Ukitaka kujua machale yako yana thamani gani, weka daftari kwa siku 30. Andika kabla ya tukio, si baada yake, maana kumbukumbu hujirekebisha ifanane na yaliyotokea. Weka tarehe, saa, ulivyohisi, na saa ulizolala usiku uliopita. Tumia maneno yanayoweza kukosewa: "mvua itanyesha kabla ya saa 11 jioni", si "kuna jambo linakuja". Mwishoni hesabu mara ulizohisi ikawa, ulizohisi isiwe, na yaliyotokea bila wewe kuhisi lolote. Watu huhesabu fungu la kwanza tu.

Njaa, kukosa usingizi na kahawa nyingi hudundisha moyo vilevile kama machale. Jiulize: nimeona nini, nimesikia nini? Ikiwa kutii kunagharimu kidogo, kama kuiacha boda ile na kungoja nyingine, tii bila ushahidi. Ikiwa ni kuuza shamba au kuvunja uchumba, dai sababu zinazotajika.

Kuona maana katika kila kitu nako kuna jina, apofenia, kutokana na neno la Klaus Conrad, daktari wa akili wa Ujerumani, aliyelieleza mwaka 1958 kama dalili ya mapema ya ugonjwa wa akili. Mtu akikosa usingizi siku kadhaa na kudai kwamba redio na namba za magari zinamtumia ujumbe yeye binafsi, msibishane naye kuhusu ishara. Mpelekeni hospitali.