Vitamini Inayofika Ngozini na Inayoharibikia Chupani

Kazi yangu ni kuunda vipodozi vya ngozi, na swali ninaloulizwa mara nyingi ni kama vitamini na antioksidanti zinazotajwa kwenye lebo husaidia kweli. Zinasaidia, tena baadhi yake zina ushahidi wa kutosha kabisa, ila kwa masharti: ziwe katika umbo ambalo ngozi inaweza kulipokea, ziwe za kiwango kinachofaa, na zifike ngozini zikiwa bado nzima. Bidhaa nyingi hukwama kwenye sharti hilo la mwisho.

Mionzi ya jua ya urujuanimno inapopenya ngozini huzalisha radikali huru, yaani molekuli zenye elektroni isiyo na mwenzake, ambazo hutulia tu kwa kuinyang'anya elektroni molekuli iliyo jirani. Anayenyang'anywa naye hugeuka mnyang'anyi, na mfululizo huo hudhuru mafuta ya utando wa seli, protini na hata DNA, huku ukiamsha vimeng'enya vinavyokatakata kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara wake. Antioksidanti hutoa elektroni yake bila yenyewe kuwa hatari, na mfululizo ukakoma hapo. Ngozi ina akiba yake ya kinga hii, lakini jua huipunguza, na kwa kuwa hakuna krimu ya kukinga jua inayozuia mionzi yote, antioksidanti hushughulikia madhara ya ile inayopita. Haiwezi kamwe kuchukua nafasi ya krimu hiyo.

Vitamini C ndiyo inayonivutia kuliko zote, kwa sababu kazi yake haiishii kwenye kuzima radikali huru. Vimeng'enya vinavyoimarisha nyuzi za kolajeni haviwezi kufanya kazi bila vitamini hii, ndiyo maana mgonjwa wa kiseyeye, ugonjwa wa upungufu wa vitamini C, hutokwa damu kwenye fizi na vidonda vyake hukataa kupona. Vilevile hupunguza kasi ya utengenezaji wa melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, jambo linalosaidia madoa meusi kufifia. Shida ni kwamba asidi ya askobiki, ambayo ndiyo vitamini C yenyewe, hupenya vizuri pale tu kimiminika chake kinapokuwa na pH (kipimo cha ukali wa asidi; namba ikishuka, asidi huongezeka) iliyo chini ya 3.5. Sheldon Pinnell na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walionyesha mwaka 2001 kwamba kupenya kwake hufikia kilele kwenye asilimia 20, kwa hiyo anayekuuzia asilimia 30 anakuongezea mwasho tu. Mwaka 2005 kundi hilohilo lilionyesha kwamba mchanganyiko wa vitamini C asilimia 15 na vitamini E asilimia 1, ukiongezewa asidi ya feruliki, antioksidanti itokayo kwenye mimea, asilimia 0.5, huongeza kinga dhidi ya madhara ya jua karibu maradufu. Sababu mojawapo ni ushirikiano: vitamini E hukaa ndani ya mafuta ya utando wa seli, na baada ya kutoa elektroni yake, vitamini C huirudishia nyingine.

Kila unapofungua chupa, hewa huingia na kuanza kuila vitamini C. Seramu nzuri, yaani kimiminika chepesi chenye vitamini hii, huanza ikiwa haina rangi au ina umanjano hafifu, kisha hukolea hadi chungwa, na mwishowe huwa kahawia. Kwa kuwa chupa nyingi ni za kioo cheusi, hutaona mabadiliko hayo kwa kuitazama chupa. Dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe, na likiwa kahawia, itupe. Kwa sababu hiyohiyo napinga kabisa kuweka vitamini hii kwenye kopo la mdomo mpana, hata liwe la kupendeza namna gani.

Soma pia mpangilio wa viambato kwenye lebo, ambao kwa kawaida huanza na kilicho kingi zaidi. Vitamini E ikitajwa mwishoni kabisa, mara nyingi imewekwa ili mafuta ya bidhaa yasichache, wala si kwa ajili ya ngozi yako.

Vitamini A hufuata njia nyingine. Retinoli hugeuzwa na ngozi kuwa retinaldehidi, kisha asidi ya retinoiki, ambayo huziamuru seli zijifanye upya kwa kasi zaidi na kutengeneza kolajeni. Tangu utafiti wa Albert Kligman na wenzake wa mwaka 1986 kuhusu tretinoini, yaani asidi ya retinoiki inayotumika kama dawa, hakuna kundi la viambato lililothibitishwa vizuri zaidi kwa ngozi iliyochakazwa na jua. Huwasha na kubandua ngozi mwanzoni, kwa hiyo anza kwa usiku mbili kwa wiki. Mjamzito asiitumie.

Kwa ngozi isiyostahimili haya, hupendekeza niasinamidi, aina ya vitamini B3, ya asilimia 2 hadi 5. Haihitaji asidi, huisaidia ngozi kutengeneza seramidi, yaani mafuta ya ngozi yanayozuia maji yasipotee, na hupunguza usafirishaji wa melanini kuelekea seli za juu.

Kwa matumizi ya kila siku, paka vitamini C asubuhi kwenye ngozi safi, kisha krimu ya kukinga jua juu yake, na uiache retinoli kwa ajili ya usiku, kwa kuwa mwanga huivunja. Kipe kila kiambato wiki 8 hadi 12 kabla ya kuamua kama kimekufaa, na usianze viwili kwa pamoja, maana ngozi ikiwaka hutajua uache kipi.