Tofali la udongo, saruji na jengo la vioo: yanayosemwa na ukweli wake

"Tofali la kuchoma ni udongo tu, halina madhara kwa mazingira." Udongo kweli, lakini tanuri lake linakula kuni usiku na mchana, na miti hiyo hukatwa papo hapo kijijini. Tofali la kufungamana halichomwi kabisa. Udongo huchekechwa, ukachanganywa na saruji kidogo (mara nyingi sehemu moja kwa kumi hivi), ukashindiliwa kwa mashine ya mkono. Kisha matofali hufunikwa na kumwagiliwa maji kwa wiki moja au zaidi. Ukutani yanaingiana yenyewe, kwa hiyo saruji ya kuungia karibu yote inabaki stoo.

"Basi udongo wowote unafaa." Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, na lawama zinamwangukia tofali. Mfinyanzi ukizidi, tofali hupasuka likikauka. Mchanga mtupu nao haushikani. Upime hivi: jaza udongo theluthi moja ya chupa inayoonyesha ndani, ongeza maji, tikisa, acha usiku kucha. Mchanga utatua chini, mfinyanzi juu. Tabaka la mchanga lisipozidi nusu ya udongo wote, tafuta shimo jingine.

"Nyumba ya udongo inaondoka na mvua." Inaondoka ikijengwa ovyo. Inue msingi, toa upenu mrefu, usiache maji yatuame ukutani.

"Kiwanda cha saruji kikihamia umeme wa jua, tatizo la hewa ya ukaa, gesi inayoipasha dunia joto, limekwisha." La. Zaidi ya nusu ya hewa ya ukaa ya saruji hutoka kwenye jiwe la chokaa lenyewe linapopashwa moto, si kwenye kinacholipasha.

"Nyumba kongwe ikarabatiwe kwa saruji, ndiyo imara." Muulize fundi mzee wa Lamu au Mji Mkongwe, Zanzibar. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya unyevu na kuutoa. Ukizipiga plasta ya saruji, unyevu na chumvi vinanaswa ndani, na plasta ikibanduka huondoka na ganda la jiwe.

"Jengo la kijani ni lile la vioo na sola." Cheti cha EDGE, kinachopewa majengo yanayotunza mazingira, cha taasisi ya IFC iliyo chini ya Benki ya Dunia, hudai jengo liokoe angalau asilimia 20 ya nishati, ya maji, na ya nishati au hewa ya ukaa inayotokana na kutengeneza vifaa vyake, likilinganishwa na jengo la kawaida la mahali hapo. Bati lililopakwa rangi nyeupe na madirisha yanayotazamana vinahesabiwa. Ukuta wa vioo unaoelekea magharibi, kwa jua la alasiri la Dar es Salaam, unaongeza bili ya kiyoyozi tu.