Sevisi inakufa kila baada ya sekunde 90? Anza na systemd kabla hujalaumu mtandao

Juzi asubuhi simu imeita, ni dada wa kaunta kwenye ofisi moja ya mikopo ambayo mimi ndio naangalia seva zao, ananiambia kaka mtandao unakatika tena, meseji za wateja zinaenda kidogo alafu zinaganda alafu zinaenda tena. Nikamuuliza dada zinaenda kwa muda gani kabla hazijaganda? Akanijibu dakika moja na nusu hivi, nimekaa naangalia saa ya ukutani, kila mara ni hiyo hiyo.

Jibu lake ndio limenifanya niandike hapa. Dakika moja na nusu ni sekunde 90, na sekunde 90 kwenye systemd, ile programu ya Linux inayowasha na kusimamia sevisi, sio namba ya bahati, kwenye distro (aina za Linux) nyingi ndio muda ambao systemd inaisubiri sevisi iseme "tayari nimewaka". Usipoweka TimeoutStartSec yako mwenyewe, hiyo ndio unapewa. Kwahiyo ukiona kitu kinaishi sekunde 90 alafu kinakufa, kinarudi, kinaishi 90 nyingine, achana na kebo, achana na ruta, fungua terminali.

Sevisi yenyewe tuiite foleni, ni programu ya Python inayochukua meseji kwenye database na kuzituma kwa kampuni ya SMS. Nikaandika `systemctl status foleni` na kulikuwa na vitu viwili pale ambavyo watu wengi wanavipita. Cha kwanza imeandikwa `activating (start)`, sio `active (running)`. Mtu akiona hakuna neno failed anaona mambo safi, lakini activating maana yake systemd bado inasubiri, kwa macho yake hiyo sevisi haijawaka bado hata kama wewe unaona meseji zinatoka. Cha pili hakukuwa na mstari wa `Main PID`, kulikuwa na `Cntrl PID` (PID ni namba ya prosesi, yaani programu inayoendeshwa), maana yake systemd inamshika huyo prosesi kama msaidizi wa kuwasha tu, sio kama sevisi yenyewe. Ukiviona hivyo viwili pamoja umeshafika nusu ya safari. Nikaenda kwenye logi, `journalctl -u foleni --since yesterday`, nikakuta hii inajirudia toka jana yake:

    foleni.service: start operation timed out. Terminating.
    foleni.service: Failed with result 'timeout'.
    foleni.service: Scheduled restart job, restart counter is at 641.

Mara 641. Kila mzunguko ni sekunde 90 za kuishi na 5 za RestartSec (muda wa kusubiri kabla ya kuwashwa tena), jumla 95, ukizidisha unapata karibu masaa 17, na masaa 17 nyuma kutoka saa nne asubuhi ni saa kumi na moja jioni ya jana yake, ambapo mwenzangu aliweka toleo jipya la programu. Hesabu ndogo hivyo ya kidole ilitupa mpaka saa ya tukio, hatukuhitaji kumuuliza mtu.

Mtu atauliza kwanini systemd haikuchoka ikaacha, si kuna ile "start request repeated too quickly"? Ipo, lakini kikomo cha kawaida ni kuwashwa mara 5 ndani ya sekunde 10, na huyu anachukua sekunde 95 kila mzunguko, hawezi kufika kikomo hata mwaka uishe. Kitu kinachokufa haraka kinazuiwa mapema unakiona, kinachokufa polepole kinakuzungusha siku nzima huku wateja wanalalamika.

Sasa chanzo. Nikaandika `systemctl cat foleni` (zoea hii kuliko kufungua faili kwa mkono, inakuonyesha na vipande vyote vya nyongeza vilivyo kwenye folda ya foleni.service.d ambavyo ulishavisahau) nikaona `Type=forking`. Hii Type ni ya desturi ya zamani, toka enzi za skripti za /etc/init.d, ambapo daemoni (programu inayofanya kazi nyuma ya pazia) ilikuwa inajigawa, mzazi anazaa mtoto, mtoto anabaki na kazi nyuma, mzazi anaondoka. Kuondoka kwa mzazi ndio ilikuwa ishara kwamba mambo yako tayari. systemd ilipotangazwa na Lennart Poettering mwaka 2010 ikabidi ijue kuishi na programu za namna hiyo, kwahiyo ukiiambia forking inakaa kumsubiri mzazi aondoke. Toleo letu la zamani lilikuwa linajigawa hivyo. Toleo jipya mwenzangu aliondoa hiyo kodi, programu inabaki mbele yenyewe, na alifanya sahihi kabisa, siku hizi hakuna sababu ya kujigawa mwenyewe, lakini faili la yuniti, lile linaloiambia systemd namna ya kuiendesha sevisi, halikuguswa. Kwahiyo systemd inamsubiri mzazi aondoke, mzazi haondoki maana yeye ndio sevisi, sekunde 90 zinaisha anauliwa, na kwa vile tuna Restart=on-failure anawashwa tena. Wote wawili wanafanya walichoambiwa.

Kuzuia damu kwanza: `systemctl edit foleni`, ukaweka

    [Service]
    Type=exec

ukaristati, imekaa. Dada wa kaunta nikamwambia tayari, akasema asante kaka. Ila mimi sikuridhika na ndio hapa nataka tukae kidogo, maana watu wengi wanaishia hapa.

Ukiweka Type=simple, systemd inahesabu sevisi imewaka pale pale inapozaa prosesi, hata kabla haijajua kama hilo faili la kuendesha lipo. Umekosea njia ya programu, `systemctl start` inakurudishia kimya kama kila kitu kiko sawa, alafu 203/EXEC, yaani programu imeshindwa kuanzishwa, unaikuta baadae kwenye logi. Type=exec, iliyokuja na toleo 240 mwaka 2018, angalau inasubiri programu ianze kweli. Lakini kuanza sio kuwa tayari. Foleni yetu inachukua sekunde kadhaa kufungua database, kusoma meseji zilizobaki na kufungua poti yake, na kuna sevisi nyingine ya ripoti ina `After=foleni.service` ikidhani kwamba ikiwaka yenyewe foleni iko tayari. Haiko. After inasubiri kile ulichoiambia systemd kuwa ndio kuwaka, hakuna zaidi. Ndio maana unakuta mayuniti ya watu yamejaa `ExecStartPre=/bin/sleep 20`, na mimi hiyo kitu inaniuma sana kuiona, maana siku seva iko na mzigo 20 haitoshi, siku haina mzigo unapoteza 20 bure, na mtu anayekuja baada yako hajui 20 imetoka wapi.

Dawa ni programu iseme yenyewe. Type=notify. systemd inaiwekea programu variabo inaitwa NOTIFY_SOCKET, ndani yake kuna anwani ya soketi ya unix (njia ya programu kuongea ndani ya mashine moja), mara nyingi ni /run/systemd/notify, na programu ikishakuwa tayari inatuma pale maneno READY=1. Basi. Kodi nzima ni hii:

    import os, socket

    def iambie_systemd(ujumbe):
        anwani = os.environ.get("NOTIFY_SOCKET")
        if not anwani:
            return
        if anwani[0] == "@":
            anwani = "\0" + anwani[1:]
        with socket.socket(socket.AF_UNIX, socket.SOCK_DGRAM) as s:
            s.sendto(ujumbe.encode(), anwani)

Unaita `iambie_systemd("READY=1")` baada ya database kufunguka na poti kusikiliza, sio mstari wa kwanza wa programu. Ile @ ni kwa anwani ambazo hazipo kwenye diski, lazima igeuzwe kuwa baiti ya sifuri, ukiisahau kwako itafanya kazi alafu kwa mwenzio itagoma. Na kama variabo haipo tunarudi kimya ili programu iendeshwe kwa mkono pia bila kelele.

Kwanini nisitumie laibrari ya libsystemd wakati ipo? Hapa nakumbusha yaliyotokea 2024. Debian na Fedora walikuwa wameiongezea sshd, programu ya kuingia kwenye seva kwa mbali, uwezo huu huu wa kutuma READY=1, na kwa ajili ya huo ujumbe mmoja mfupi wakaiunganisha na libsystemd, libsystemd nayo ikawa inaleta liblzma kwasababu ya kubana data za journal (logi za systemd). Mtu aliyejenga uaminifu kwenye mradi wa xz, ndio wenye hiyo liblzma, akaingiza mlango wa nyuma kwenye liblzma, matoleo 5.6.0 na 5.6.1, na kupitia mnyororo huo ukafika mpaka ndani ya sshd. Andres Freund, divelopa wa PostgreSQL, aliona tu kuingia kwa ssh kunachelewa karibu nusu sekunde na CPU inapanda bila sababu, akafuatilia mpaka mwisho, akatangaza tarehe 29 Machi 2024. Nusu sekunde! Baada ya hapo OpenSSH 9.8 iliyotoka Julai ya mwaka huo ikaja na kodi yake yenyewe ya kutuma ujumbe huo bila laibrari, na systemd 256 ikaacha kuzifungamanisha laibrari za kubana, inaziita pale tu zinapohitajika. Kwahiyo kama unachohitaji ni READY=1, mistari kumi ya soketi inatosha na unaweza kuisoma yote kwa macho yako.

Nikaweka Type=notify, nikafanya daemon-reload, nikaristati, na ikaganda tena sekunde 90. Hii ya pili imenichukua muda kuliko ya kwanza. Logi ilikuwa inasema

    Got notification message from PID 4312, but reception only permitted for main PID 4308

Tulia usome. Ujumbe umefika, lakini umetoka kwa mtu ambaye systemd haimtambui. Inajua aliyetuma kwasababu kerneli (kiini cha Linux) inabandika PID ya mtumaji kwenye kila ujumbe wa soketi hiyo, programu ya kawaida haiwezi kudanganya. Sasa 4308 ni nani? `ps -o pid,ppid,args -p 4308,4312` ikanionyesha 4308 ni bash, 4312 ni python3, mtoto wake. ExecStart yetu ilikuwa inaita anzisha.sh, kiskripti kinachoweka variabo mbili tatu alafu mstari wa mwisho kinaita python3. Bash inazaa mtoto na kubaki inamsubiri, kwahiyo prosesi mkuu ni bash isiyojua chochote, na mfanyakazi halisi yuko chini yake.

Wengi wataweka NotifyAccess=all na itafanya kazi, ila umeruhusu kila prosesi ndani ya sevisi izungumze kwa niaba yake, na Main PID bado ni bash. Suluhisho ni neno moja kwenye anzisha.sh, mstari wa mwisho:

    exec python3 -m foleni

exec inafanya python3 ichukue nafasi ya bash, PID ile ile, hakuna mzazi wala mtoto. Nikaristati, sekunde nne, `active (running)`, Main PID ni python3. Sevisi ya ripoti ikawaka baada yake bila sleep yoyote.

Kwa vile njia ya kuongea na systemd ilishafunguka nikaongeza na mbwa mlinzi, `WatchdogSec=30`, ambapo programu inatakiwa itume WATCHDOG=1 kabla sekunde 30 hazijaisha, na kawaida unatuma kila nusu ya muda huo. Angalizo langu ni moja: itume kutoka kwenye lupu ile ile inayofanya kazi. Nimeona watu wanaweka thredi ya pembeni ya kutuma WATCHDOG=1 tu, hiyo thredi itaendelea kusema mzima mzima huku lupu ya kazi imekufa ganzi. Sekunde zikipita bila salamu, systemd inampiga prosesi SIGABRT (ishara ya kumuua), na ukiwa umeweka `Environment=PYTHONFAULTHANDLER=1` kwenye yuniti, Python kabla ya kufa inaandika kwenye journal mstari ambao ilikuwa imekwama.

Haikupita siku mbili ikapiga. `Watchdog timeout (limit 30s)!` na chini yake mistari ya Python, ya juu kabisa ni readinto ndani ya socket.py, ya chini zaidi ni mstari wetu unaoita `requests.post` kwenda kwa kampuni ya SMS. Hatukuweka timeout, na requests (laibrari ya Python ya kutuma maombi kwenye wavuti) bila timeout inasubiri milele, upande wa pili ukinyamaza bila kufunga muunganisho ndio imetoka hiyo. Kabla ya hapa kuganda kwa namna hii tulikuwa tunakuita mtandao. Nikaweka `timeout=10`, nikamfundisha arudishe meseji kwenye foleni ikishindikana, na toka hapo NRestarts, hesabu ya kuwashwa upya, kwenye `systemctl show -p NRestarts foleni` imekaa sifuri.