Kiti mwendo cha umeme ndani ya ndege: kwa nini betri ndiyo huulizwa kwanza

Sera ya kubeba viti mwendo vya umeme ni masharti ambayo shirika la ndege hujiwekea kuhusu kiti kipi kipakiwe, kipakiwe vipi, na nani awajibike kikiharibika. Abiria anayepiga simu kutoa taarifa hujiandaa kutaja uzito na upana wa kiti chake, lakini mara nyingi huulizwa betri kwanza, kwa sababu katika kanuni za bidhaa hatari za IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, zinazofuatwa na mashirika mengi duniani, kinachohofiwa ni betri inayoweza kushika moto.

Betri ya tindikali inayoweza kumwagika huwasumbua wapakiaji, maana kiti chake ni lazima kisafiri kikiwa wima, la sivyo betri itolewe na kufungashwa peke yake. Zilizozibwa, kama za jeli, hazina makuu. Maelezo marefu ni ya lithiamu.

Hapo ndipo linapoingia neno wati-saa, yaani kiasi cha nishati ambacho betri inaweza kuhifadhi, kinachopatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea-saa. Betri iliyoandikwa 24V 12Ah ina wati-saa 288. Ya 24V 20Ah ina 480. Kiti kinachokunjwa, kilichoundwa ili betri yake ichomolewe, huenda kwenye mizigo bila betri, nayo betri huingia kabini na abiria, mradi isizidi wati-saa 300, au 160 kila moja ikiwa kiti hutumia mbili. Kiti kikubwa chenye betri iliyofungwa imara ndani ya fremu hakina ukomo huo. Wengi huona mambo yamepinduliwa hapa, ila mantiki ipo: betri iliyokingwa na mwili wa kiti haigongwi ovyo, ilhali iliyochomolewa iko wazi, na ikianza kufuka moshi ni afadhali iwe mahali ambapo wahudumu wanaweza kuifikia na kuimwagia maji. Ndiyo maana vichwa vyake huzibwa kwa utepe visipige shoti, na rubani hujulishwa ilipo.

Kipimo cha kiti nacho kina umuhimu wake, kwani mlango wa mizigo wa Boeing 737 haufiki mita moja kwenda juu, na kiti chenye mgongo mrefu usiokunjika hakipiti. Kwa maoni yangu, karatasi iliyofungwa kwenye mkono wa kiti, inayoonyesha namna ya kukata umeme na kuachia breki, huokoa viti vingi, maana mpakiaji asiyeujua wenzo wa breki hukiburuta kiti magurudumu yakiwa yamekaza.

Katika Umoja wa Ulaya, Kanuni namba 1107 ya mwaka 2006 humruhusu abiria kubeba bure hadi vifaa viwili vya kujongea, akitoa taarifa saa 48 kabla. Fidia ni suala jingine. Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya na Tanzania zimo, hukihesabu kiti kama mzigo, na tangu 28 Desemba 2024 ukomo wa fidia ni SDR 1,519 (SDR ni kipimo cha thamani kinachotumiwa na Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF), takriban dola 2,000 za Marekani, wakati kiti kizuri huuzwa kwa mara kadhaa ya kiasi hicho. Kwa safari za ndani ya Marekani, fidia hufuata bei ambayo kiti kilinunuliwa. Kwingineko, ukomo huo huweza kupandishwa kwa tamko maalumu la thamani, pengine kwa kulipa ada ya ziada, nalo hutolewa wakati kiti kinapokabidhiwa kaunta, si baada ya kukipokea kikiwa kimevunjika mkono.