Upanga wa Luke ulianzia duka la kamera

Wapo wanaojitengenezea nakala za vifaa vya filamu, na watu wengi wana dhana potofu kuhusu kazi hiyo.

Wanavyodhani: upanga wa mwanga wa Luke Skywalker, shujaa wa filamu za Star Wars, ulibuniwa kwa michoro na vipimo, kwa hiyo anayeunakili anafuata michoro hiyo.

Michoro gani? Filamu ya kwanza ya Star Wars, iliyotoka mwaka 1977, ilipigwa sehemu kubwa Uingereza, na fedha zilikuwa za kubana. Roger Christian, mpambaji wa seti, aliingia duka la vifaa vya picha jijini London akakuta mipini ya zamani ya flashi za kamera za Graflex, zile zilizotumiwa na wapiga picha wa magazeti wa Marekani. Ni bomba linalong'aa lenye nafasi ya betri tatu kubwa. Akakata vipande vya mpira wenye umbo la herufi T, akavibandika kwa supaglu, akachomeka kwenye kibano cha mpini kipande cha plastiki kilichotoka kwenye kikokotoo. Basi. Mwaka 1978 yeye na wenzake wakapewa Oscar kwa kazi ya mandhari ya filamu hiyo.

Kwa mwenye kunakili, shida inaanzia hapo hapo. Aliyebandika mpira kwa haraka hakujali kama umekaa upogo kidogo. Wewe lazima ujali. Unaisimamisha filamu picha kwa picha, unahesabu vipande vya mpira, unatazama kibano kimefungwa upande gani na kitufe chekundu kinaelekea wapi. Ukinyoosha kilichopinda, umeharibu. Kwa fundi aliyezoea kusifiwa kwa kazi iliyonyooka, huu ni mtihani wa moyo.

Wanavyodhani: kifaa halisi kilikuwa kimoja.

Mara nyingi huwa kadhaa: kizuri cha kupigwa picha kwa karibu, na vingine vyepesi vya purukushani, mwigizaji asije akaumia. Tena hubadilika kati ya filamu na filamu. Katika ile ya mwaka 1980 kipande cha kikokotoo kilitolewa, pakawekwa kipande cha bodi ya elektroniki. Ukijigamba mbele ya wajuzi kwamba umetengeneza upanga wa Luke, swali la kwanza litakuwa: wa mwaka gani?

Wanavyodhani: jicho kali na picha nzuri vinatosha kupata vipimo.

Picha ni shahidi wa kutiliwa shaka. Lenzi hupinda mistari, na hakuna aliyeweka rula pembeni ya mwigizaji. Chukua upanga wa Obi-Wan Kenobi, mwalimu wa Luke. Una kipande cha bomba la injini ya ndege, Rolls-Royce Derwent. Guruneti ya Waingereza ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kipande cha bunduki ya rashasha ya Browning. Kibano cha Graflex. Na kishikio cha koki ya maji cha Armitage Shanks, watengenezaji wa vifaa vya bafu. Naam, koki. Wapenzi wa kazi hii walihangaika miaka na miaka kutambua kipande kimoja kimoja, na kila kilipopatikana chenyewe, kikawekwa mezani na kupimwa kwa vernia, kifaa cha kupimia hadi sehemu ndogo za milimita, makisio ya awali yalitupwa. Nawaza mafundi bomba wangapi wa Uingereza walifunga na kufungua koki hizo bila kujua wameshika nini.

Wanavyodhani: siku hizi printa ya 3D inamaliza kazi.

Printa haijui zaidi ya aliyechora faili. Akikosea milimita moja, kosa linachapwa vizuri kabisa. Kisha ile mistari ya matabaka ya plastiki inayoachwa na printa: piga puti, piga msasa, piga praima, rudia. Na ukimaliza bado umeshika plastiki, mkono unajua. Ndiyo maana wengine hurudi kwenye mashine ya kukerezea vyuma.

Wanavyodhani: nakala iliyotolewa kwenye nakala ni sawa na ya kwanza.

Nakala nyingi humiminwa kwa resini, plastiki ya majimaji inayogandia kwenye kalibu, nayo hunywea kidogo inapokauka. Ukitengeneza kalibu juu ya kazi ya mwenzako, yako itatoka ndogo kidogo na kingo butu. Vernia huweza kumfichua mwizi.

Wanavyodhani: mahakama ilisharuhusu kunakili.

Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisema kofia za stormtrooper, wale askari wa mavazi meupe wa Star Wars, si sanamu kisheria, hivyo hazina ulinzi wa hakimiliki unaopewa sanamu. Hukumu hiyo hiyo ikasema madai ya hakimiliki ya Marekani yanaweza kusikilizwa Uingereza. Anayesherehekea amesoma nusu.

Wanavyodhani: ni watu wazima wanaochezea midoli.

Mwaka 2013 Kathleen Kennedy, wakati huo mkuu wa Lucasfilm, kampuni ya filamu za Star Wars, aliziona nchini Ujerumani nakala za R2-D2, roboti ndogo ya filamu hizo, zilizoundwa na wapenzi wa kazi hii. Wawili wao, Lee Towersey na Oliver Steeples, wakaajiriwa kuunda R2-D2 ya filamu iliyotoka mwaka 2015.